Nilikodi gari Muscat nimpeleke mama Jabal Akhdar: yaliyonikuta

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na tumerudi Unguja siku nyingi. Nilitaka ninyamaze. Lakini kila jamaa anayekwenda Oman kutembelea ndugu ananipigia kuniuliza, "Mlikodi wapi lile gari?" na kila nikifungua mdomo kujibu, moyo unanipanda upya. Basi nayasema mara moja, yaishe.

Safari ilikuwa ya mama. Amekulia nyumba ambayo mrashi wa fedha haukosi juu ya kabati, na bibi akipenda kusema kwamba marashi ya kweli si haya ya dukani, meupe kama maji ya mvua. Marashi ya kweli hutoka mlimani Oman, yana rangi ya chai nyepesi na yananukia moshi. Mama ameyasikia maneno hayo tangu hajaota meno ya pili. Alipofika miaka 68 akatwambia hataki kitenge wala bangili, anataka auone huo mlima wenyewe.

Mlima huo ndio Jabal Akhdar, na mawaridi yake yanayotoa marashi hayo huchumwa zaidi mwezi wa nne, kwa hiyo tukaenda mwezi huo, tukafikia kwa shemeji yangu Muscat. Shemeji alikuwa na kazi, hakuweza kutupeleka. Nikasema si neno, nitakodi gari, nitaendesha mwenyewe.

Sasa hapa kwenye kuchagua gari nataka nieleze vizuri, maana ndipo nilipoingia mtegoni. Sisi nyumbani tunachagua gari dogo kwa kuogopa mafuta. Oman hoja hiyo haina nguvu, lita ya petroli haifiki hata robo riyali. Kinachokuuma ni bei ya kukodi. Pale ofisini gari dogo la chini lilikuwa riyali 12 kwa siku, na gari la juu, linalovuta tairi zote nne, riyali 30. Tofauti ya riyali 18 ni karibu dola 47, kila siku, na sisi tulitaka siku nne. Nikaanza kupiga hesabu. Nani asingepiga?

Lakini sikuchagua kwa kukisia. Nilimwambia kijana wa kaunta kwa mdomo wangu mwenyewe: kaka, nampeleka mama yangu Jabal Akhdar, ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, nipe gari litakalonifikisha. Hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema, "Barabara yote ni lami. Hili linakwenda." Nikamuuliza tena, una hakika? Akasukuma karatasi, akaweka kalamu juu yake. Nikatia saini.

Kadi yangu ya kawaida ya benki waliikataa, wanataka kadi ya mkopo tu, kwa ajili ya amana. Shemeji akatoa yake, wakashika riyali 150. Hilo sikulilaumu, wanasubiri faini za kamera za mwendo zisije zikawafikia wao. Na kamera za huko ni nyingi kweli, usikanyage tu kwa kuwa njia ni nyeupe.

Njiani mambo yalikuwa mazuri. Gari lilikuwa jipya, lina baridi ya kutosha, mama amekaa mbele na tasbihi yake. Kwa wanaotoka kwetu: huko wanaendesha mkono wa kulia, na kipilefti unazizunguka kinyume na ulivyozoea, kwa hiyo siku ya kwanza pita polepole na usione haya kupigiwa honi. Kutoka Muscat mpaka chini ya mlima, mji unaitwa Birkat al-Mawz, ni kama mwendo wa saa moja na nusu. Tuliposhika njia ya kupanda tu, tukakuta kizuizi cha polisi.

Askari alikuwa na adabu zake. Akatoa salamu, akamsalimia mama kwanza, kisha akaomba leseni na ile kadi ya gari, wenyewe wanaiita mulkiya. Akaigeuza. Akalitazama gari, akaitazama tena kadi. Akaniambia kwa upole: gari hili halipandi. Nikasema njia si ni lami? Akasema ndiyo, ni lami, lakini mlima huu magari ya tairi nne zenye nguvu tu, na lazima iwe imeandikwa kwenye mulkiya. Akanionyesha kwa mkono: kupanda si shida, shida ni kushuka. Mteremko ni mrefu, breki zinashika moto, gari dogo halina gia nzito ya kulizuia. Akaomba radhi, akanionyesha pa kugeuzia.

Mama hakusema kitu. Alikuwa ameutazama mlima uko mbele yake, akaushusha mkono wenye tasbihi mapajani. Mkono ule ndio ulionikasirisha kuliko maneno yoyote.

Nikaegesha chini ya mtende, nikapiga simu ofisini. Akapokea yule yule. Nikamweleza. Akaniambia maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe: "Nilikwambia gari linakwenda. Sikukwambia polisi watakuruhusu."

Nikadhani sikusikia. Nikamwambia rudia. Akarudia, neno kwa neno, kama anayemsomea mtoto. Akaongeza kwamba nikitaka gari la juu nirudi Muscat nilibadilishe, nilipe tofauti, na siku ile inahesabika imetumika. Akakata.

Jamani. Huyu mtu anakodisha magari katika mji ambao kila mgeni anauliza njia ya Jabal Akhdar. Kizuizi kile hakikuota jana usiku. Anakijua kama anavyoijua njia ya kwao. Nakiri na mimi ningeweza kuuliza watu wengine, shemeji mwenyewe alipiga kichwa aliposikia, akasema, "Si ungeniuliza mimi!" Sawa, na hilo nalibeba. Lakini mimi nilimuuliza mwenye kazi yake. Nilimuuliza mara mbili.

Mama akasema tushuke tunywe maji. Birkat al-Mawz ina mfereji wa kale unaoitwa Falaj al-Khatmein, mmoja kati ya mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji yanapita safi katikati ya mitende. Mama akavua viatu, akatia miguu. Mimi nilikuwa nazunguka na simu natafuta pa kulalamika, mama ananiambia kaa, mwanangu, kaa.

Akatokea mzee mmoja amevaa kanzu na kofia ya kazi, anasikiliza tunavyosema. Akatukaribia, akauliza, "Nyie mwatoka wapi?" Kiswahili hicho! Mama akageuka kama aliyeitwa na mtu wa nyumbani. Akasema Unguja. "Unguja ipi?" Mjini, Malindi. Mzee akaweka mkono kifuani, akasema, "Mie mtu wa Wete." Aliondoka Pemba mtoto mdogo mwaka 1964, na bado anasema "karafuu" kwa namna ambayo unaisikia harufu yake.

Kazi yake ni hiyo hiyo, ana Land Cruiser, anawapandisha watu waliozuiwa kizuizini. Akataja riyali 25 kwenda, kusubiri na kurudi. Sikubishana. Hesabu yangu ya kubana riyali 18 iliishia hapo, mbele ya mama, na mzee wa watu wala hakunicheka.

Sasa nisikilizeni kuhusu ile njia, kwa sababu hapa hasira yangu ilibadilika sura. Ni lami kweli, pana, nzuri, kijana hakusema uongo kwa hilo. Inapanda kilomita kama 35 mpaka Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Kona zinajikunja juu ya kona. Na pembeni, kila baada ya mwendo, kuna vijia vya kokoto vinavyopanda juu, vimechongwa makusudi ili gari lililoishiwa breki likimbilie huko lijizike. Nilipoviona nikanyamaza. Mpaka hapo nilikuwa namlaani kijana kwa kunipotezea siku. Kumbe angetuacha tushuke mteremko ule na gari dogo, mama pembeni yangu, mimi mgeni wa njia, siku ya pili tu kuendesha mkono wa kulia. Askari yule ningemrudia nimshike mkono.

Kule juu sitasema mengi. Vijiji vya Al Ayn na Al Aqr vimekaa ukingoni, mashamba yameshuka ngazi kwa ngazi, na hewa ni baridi mpaka mama aliomba shali. Mzee akatuingiza kwa watu anaowajua, chumba kidogo cheusi kwa masizi. Kuna jiko la udongo refu kama kiambaza, vyungu vimepangwa juu yake. Wanajaza maua ya waridi chunguni, ndani wanatia bakuli, juu wanafunika kwa sufuria ya maji baridi. Mvuke ukigonga ile baridi unarudi matone, yanadondoka bakulini. Maji ya juu yakipata moto yanabadilishwa. Basi. Moto ni wa kuni, ndiyo maana ya ule moshi.

Mama alichovya kidole, akakipeleka puani. Akakaa hivyo. Kisha akasema, "Ndiyo haya," akilia. Tulinunua chupa nne.

Kama mambo yangeishia hapo, wallahi nisingeandika. Ningesema gari lilikuwa zuri, kijana hana adabu, Mungu amlipe, tumefika.

Siku ya kurudisha gari nililisafisha mwenyewe. Yule yule yuko kaunta. Akatoka, akazunguka gari, akafungua mlango, akavuta pumzi. Akaniambia, "Mmevuta sigara humu. Faini riyali 20."

Nikamwambia hakuna anayevuta sigara. Akaelekeza kidole kwenye kiti cha mbele, alichokuwa amekaa mama, akasema harufu inatoka pale. Ni kweli ilitoka pale, chupa moja ilivuja ikiwa mapajani mwa mama, kitambaa kikanywa. Mama akauliza, anasemaje? Nikawa naona haya kumfasiria. Nikamwambia. Mwanamke ambaye hajapata kushika sigara maishani mwake, amevaa buibui, anaambiwa na mtoto wa kumzaa kwamba amevuta garini.

Nilikuwa nimeshajaza kifua nimpe za uso. Mama akaniwahi. Akafungua mkoba, akatoa chupa, akamwendea yule kijana, akamwambia kwa Kiswahili, kana kwamba kijana anakijua, "Mwanangu, lete mkono." Kijana akasita, akautoa. Mama akammiminia kiganjani, kidogo, kama anavyowamiminia wageni wa maulidi. Kijana akanusa. Akanusa tena. Uso wake ukalegea, akasema kwa sauti ndogo, "Mai ward," yaani maji ya waridi. Akarudi kaunta, akaichana ile karatasi ya faini.

Hakuomba radhi. Nataka hilo lijulikane. Hakusema neno la kizuizi wala la sigara. Mama anasema yule ni mtoto amechoka, pengine hajalala, na tangu siku ile ananikataza kumsema vibaya. Mimi siwezi. Mtu akinusa kitu cha kwao akakumbuka adabu, mbona hakuikumbuka pale nilipomwambia nina mama mtu mzima?

Mkinibana niseme ukweli wote: gari lenyewe sina neno nalo. Tairi mpya, baridi haikukatika, halikutuacha njiani hata dakika. Na bei, shemeji aliuliza ofisi nyingine tatu, hakuna aliyeshuka chini ya riyali 12. Nilikuwa naapa sikanyagi tena pale. Leo nasema, kwa mtu wa kuzunguka Muscat, Sur, Nizwa, mpaka Salalah kwa lami, gari lao dogo linamfaa. Kwa mlimani kodi la juu, na kabla hujatia saini washike wakuonyeshe mulkiya, usome mwenyewe kama imeandikwa ni la kuvuta tairi zote nne, maana askari ataisoma hiyo, hatasikia aliyoyasema mtu wa kaunta. Au ukodi dogo, uliache Birkat al-Mawz, upande na wazee wa pale. Kwa hesabu yangu hiyo hata ni nafuu kuliko gari la juu siku nne. Laiti ningeambiwa hivyo tangu mwanzo, ningemsifu huyo kijana kila mahali.

Amana ya shemeji ilirudi baada ya wiki tatu hivi, kasoro riyali 6. Taarifa imeandikwa "usafi wa kiti cha mbele". Shemeji anasema niachane nazo, ni hela ndogo. Nimeshawaandikia mara mbili, na leo jioni nawaandikia ya tatu.