Presha kuka ya umeme ya lita 6: inawafaa wanaopika mboga zisizo na nyama jioni za kazi?

Anayefika nyumbani saa moja jioni na hataki nyama mezani huishia kwenye mayai au majani. Maharage, kunde, mbaazi na choroko, mboga zinazoshibisha kweli, husubiri Jumapili, kwa sababu saa mbili za jiko siku ya kazi hazipatikani. Presha kuka ya umeme inaondoa kikwazo hicho. Kwa kazi hiyo peke yake ninaipa alama za juu, na kwa kazi nyingine kadhaa zinazopigiwa debe ninaipa alama za chini kabisa.

Inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida: lita 6, wati 1000, sufuria ya ndani inayotoka, mfuniko wa kuzungusha wenye mpira, kidude cha kutolea mvuke, na pini ndogo inayopanda presha ikijaa. Tangu Tanzania izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, mashine hii imekuwa ikinadiwa sana. Chapa ni nyingi ila utendaji ni ule ule. Ndani yake maji hufika kama nyuzi 115 badala ya kuchemkia 100. Kwa waliopo nyanda za juu faida ni kubwa zaidi: Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji ya sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94, ndiyo maana maharage ya huko hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya Mombasa.

Kwanza tuweke sawa suala la muda, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hukata tamaa. Dakika unazoziweka kwenye mashine si muda wote wa kupika. Kuna dakika 10 hadi 15 za kupandisha presha, kisha dakika ulizoweka, kisha 10 hadi 15 za kuiacha ishuke yenyewe. Mapishi ya "dakika kumi" ni mapishi ya nusu saa na ushee. Bado ni haraka, na muda huo hausimami jikoni ukikoroga, lakini anza hesabu yako ukijua hivyo.

Mboga ya kuanzia ni choroko (ndengu kwa Wakenya), kwa kuwa haihitaji kulowekwa. Kwa watu wanne chukua kikombe 1 na nusu, kama gramu 300. Chagua mawe, osha mara mbili, mimina kwenye sufuria ya ndani na maji vikombe 4 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai na mafuta kijiko kimoja cha chai. Mafuta hayo ni ya kazi, si ya ladha: yanapunguza povu, na povu ndilo linaloziba njia ya mvuke. Weka dakika 10.

Mashine ikiwa inafanya kazi, unga pembeni. Kitunguu kimoja kikubwa, punje 4 za kitunguu saumu, karoti moja ya kukwaruza, nyanya 3, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai na manjano kidogo. Kaanga mpaka nyanya zirojeke na mafuta yaonekane pembeni ya kikaango, dakika 8 hivi. Pini ikishuka fungua. Utakuta choroko zimelala chini ganda limepasuka na maji ya kijani yamesimama juu, na utadhani maji yamezidi. Usiyamwage. Chukua upawa, ponda choroko kiasi cha robo kwenye ubavu wa sufuria, koroga, na ndani ya dakika moja mchuzi unakuwa mzito. Ingiza kiungo chako, bonyeza kitufe cha kukaanga, mimina kikombe kimoja cha tui zito, koroga hadi lianze kutokota, zima.

Tui liingie mwisho, na hilo nasisitiza kwa sababu vijitabu vingi vya mashine hizi vimeandikwa na watu wasiopikia nazi. Tui zito likikaa kwenye presha hukatika: mafuta huelea juu, mabonge meupe huzagaa chini, na baadhi hushika sufuria na kuungua. Tui jepesi halina neno, unaweza hata kulitumia badala ya sehemu ya maji.

Nyanya nazo zisitangulie. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju huyafanya maharage yabaki magumu hata presha ikiwa kamili. Wengi hulaumu chumvi, lakini chumvi haina kosa. Ukiitia kwenye maji ya kulowekea au ya kuchemshia, ladha inaingia hadi ndani ya punje. Magadi hayahitajiki tena ukiwa na presha: yanaacha ladha ya sabuni na yanaua vitamini B1.

Maharage yenyewe yana njia mbili. Yaliyolowekwa saa 8 huhitaji dakika 12 hadi 15 za presha. Makavu huhitaji 40 hadi 45, na ukijumlisha kupanda na kushuka kwa presha umekaribia saa moja na robo, kwa hiyo kwa siku ya kazi loweka. Ila angalia joto la mahali ulipo. Dar es Salaam au Tanga, maharage yaliyoachwa mezani tangu saa 12 asubuhi hadi saa moja usiku huanza kuchacha: maji yanatoa mapovu na harufu. Loweka ndani ya friji, au loweka usiku na asubuhi uyachuje na kuyahifadhi kwenye ubaridi. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi ile sehemu ya kuiwekea mashine saa ya kuanza yenyewe mchana, ukiwa kazini.

Kunde zilizolowekwa huiva kwa dakika 8 hadi 10, mbaazi kavu zilizolowekwa 12 hadi 15, adesi nyekundu 5 bila kulowekwa. Maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu huongezewa dakika 10, na mengine hayatalainika kamwe. Hapo kosa ni la ghala.

Kwa makande, mahindi yaliyokobolewa vikombe 2 na maharage kikombe 1, vyote vimelowekwa, maji vikombe 6, dakika 35, kisha uache dakika 15 kabla ya kufungua. Hiki ndicho kipimo cha juu kwa sufuria ya lita 6, kwa sababu nafaka na jamii ya kunde hazitakiwi kuvuka nusu ya sufuria. Zinavimba na kutoa povu. Ukijaza theluthi mbili kama unavyojaza supu, povu litatokea kwenye kidude cha mvuke na kuchafua kabati lote. Kwa sababu hiyo hiyo usiachie mvuke kwa ghafla ukiwa umepika kunde au adesi. Subiri pini ishuke, au angalau dakika 10 zipite, ndipo uachie kidogo kidogo kwa mpini wa mwiko, uso na mkono vikiwa mbali.

Kuna onyo moja la afya. Baadhi ya mashine zina kitufe cha kupika polepole kwa moto mdogo. Usikitumie kwa maharage mekundu mabichi. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli, na moto mdogo usiofikia mchemko unaweza kuiacha ukaishia kutapika usiku kucha. Presha inaimaliza.

Tatizo linalojirudia zaidi kwa wapya ni mashine kulia, kuonyesha alama ya kosa na kukataa kupandisha presha. Karibu kila mara ni chini pameungua. Umekaanga kitunguu na nyanya ya kopo humo humo, masalia yameganda chini, ukamimina vitu vizito na kufunga. Dawa: baada ya kukaanga mimina nusu kikombe cha maji, kwangua chini kwa mwiko wa mbao hadi pawe laini, ndipo uongeze vilivyobaki, na nyanya ya kopo ikae juu bila kukorogwa. Sababu ya pili haionekani haraka: punje ya wali au tone la maji kati ya sufuria ya ndani na sahani ya moto. Futa sufuria kwa nje kila unapoirudisha.

Kwa wali na pilau ya njegere inafanya vizuri, si ajabu. Mchele vikombe 2, maji vikombe 2 na nusu tu kwa kuwa hakuna yanayopotea kwa mvuke, dakika 6, kisha 10 za kutulia. Ukitumia kipimo cha maji cha sufuria ya kawaida utapata bokoboko.

Sasa isichokiweza. Mchicha, matembele na sukuma wiki havina haja nayo kabisa. Kabla presha haijapanda, kwenye kikaango vingekuwa vimeshaiva. Bamia na biringanya hugeuka uji. Ugali haupikiki kwa presha, kwa hiyo bado unahitaji jiko la pili, na mpangilio mzuri ni kuinjika maji ya ugali pale mashine inapoanza kushuka presha. Vile vitufe kumi na kitu vyenye picha za kuku, keki na mtindi visikushawishi. Kitufe cha maharage huwekwa dakika za aina moja ya maharage, bila kujua kama yako yamelowekwa au la. Unachohitaji ni uwezo wa kuweka dakika mwenyewe.

Gharama ya umeme ni ndogo kuliko watu wanavyohofia, kwa sababu mashine haivuti wati 1000 muda wote. Ikishajaa presha inawaka na kuzima. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa hula chini ya nusu uniti. Kwa bei ya LUKU (umeme wa kulipia kabla wa Tanzania) ya mteja wa kawaida, kama shilingi 356 za Tanzania kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 200. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja yaliyoiva, kwa hiyo gawanya sehemu mbili, moja iende kwenye friza bila kuungwa, na Alhamisi itakuwa mboga ya dakika 10. Umeme ukikatika katikati usifungue kwa nguvu. Presha hushuka taratibu na chakula kinaendelea kuiva. Ukirudi, weka dakika zilizobaki tu.

Ukienda kununua, tazama plagi kabla ya rangi. Nyingine huja na miguu miwili, na adapta ya bei rahisi ikibeba wati 1000 kila siku hupata moto hadi kuyeyuka. Tafuta yenye miguu mitatu ya bapa, uichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni yenye friji na pasi. Uliza kama mpira wa mfuniko unauzwa peke yake, kwani baada ya mwaka au mwaka na nusu utalegea, na kabla ya hapo utakuwa umeshika harufu ya kitunguu saumu ambayo siki na jua hupunguza tu. Kisha omba muuzaji aiwashe mbele yako: lita moja ya maji, dakika 5. Pini ipande ndani ya dakika 10 hivi. Mvuke ukitoka kuzunguka ukingo wa mfuniko, toa mpira, ukandamize upya kwenye mfereji wake pande zote, jaribu tena. Ukivuja mara ya pili, chukua nyingine.