TAHADHARI: Programu ya "kumbukumbu mara tatu", jaribio lake limepangwa ushinde

Ndugu zangu, naandika haya kabla hajalizwa mwingine. Kuna muuzaji yuko mtandaoni na programu ya simu inayodai kukuza kumbukumbu ya muda mfupi mara tatu ndani ya wiki tatu. Jina lake halitawasaidia, maana nilipolitafuta tena tangazo lilelile nilikuta limeshavaa jina jingine. Mtamtambua kwa mbinu.

Anaanza na jaribio la bure. Tarakimu zinapita kwenye skrini moja moja, haraka haraka, hazina mpangilio wowote. Kabla hujaandika hata moja, unaambiwa uhesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu, kwa sauti. Ndipo unaulizwa uliona nini. Mimi nilishika nne. Skrini ikawa nyekundu: "Kumbukumbu yako iko chini ya kiwango." Wakati huo nilikuwa namuuguza mama, usiku silali, wakati mwingine nasimama na chupa ya dawa mkononi nisijue kama dozi nimeshampa. Maneno yale yaliniingia moyoni. Nikalipa.

Wiki tatu nikacheza michezo yao kila siku. Siku ya mwisho likaja jaribio la kupima maendeleo. Safari hii tarakimu zilikuja taratibu, zimepangwa hivi: 1945 1969 2000. Hakuna kuhesabu kurudi nyuma. Nikazirudisha zote 12 bila kukosa. Skrini ya kijani, hongera nyingi, kutoka nne hadi 12, mara tatu kamili! Chini yake kitufe cha kulipia hatua ya pili.

Kilichoniokoa ni kwamba majaribio yote mawili niliyapiga picha ya skrini. Nilipoziweka pamoja nikaona nimechezewa. Hebu niwaeleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kwa kawaida mtu hushika vitu kama saba hivi kwa mkupuo, viwili zaidi au pungufu. Lakini jambo kubwa alilosema ni kwamba kichwa huhesabu mafungu. 1945 ni tarakimu nne, ila kwa mtu anayejua kuwa ndio mwaka Vita Kuu ya Pili ilipoisha, ni fungu moja tu. Kwa hiyo siku ile ya hongera sikushika vitu 12, nilishika vitatu. Tena mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, alionyesha kwamba mtu akizuiwa kujirudia tarakimu kimoyomoyo na kuzifunga mafungu, kinachobaki ni vitu kama vinne. Vinne! Ndiyo ile nne yangu iliyoitwa "chini ya kiwango". Nilikuwa mzima, nikauziwa dawa ya ugonjwa ambao sina.

Na kile kihesabio cha kurudi nyuma si bahati mbaya. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatu. Baada ya sekunde 18, karibu zote zilikuwa zimeyeyuka. Ni jaribio la kuonyesha jinsi akili yoyote timamu inavyosahau. Sababu yake ilikuja kueleweka vizuri kwa kazi ya Alan Baddeley na Graham Hitch ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu tendaji, ile tunayoshikia mambo huku tukiyafanyia kazi. Walisema ina sehemu zake: moja ya sauti, moja ya picha, na msimamizi anayegawa umakini. Ile ya sauti ndiyo unayoitumia unapojirudia namba ya simu kimoyomoyo. Usipoirudia, inafifia ndani ya sekunde chache. Ukihesabishwa kwa sauti, ulimi ule wa ndani umeshikwa na kazi nyingine, kwa hiyo namba inaanguka. Jaribio la kwanza lilinifunga ulimi, la mwisho likauachia. Basi.

Mtu atasema, lakini mazoezi si yanasaidia? Yanasaidia kwa kile unachofanyia mazoezi. Ericsson na Chase waliandika mwaka 1980 kuhusu mwanafunzi mmoja wa chuo Marekani aliyefanya mazoezi zaidi ya saa 200, akatoka tarakimu saba hadi 79. Alikuwa mwanariadha, akazifanya tarakimu kuwa muda wa mbio. Walipombadilishia wakampa herufi, akarudi kwenye sita hivi. Chombo hakikupanuka, alijifunza kufungasha, na kufungasha hakuhitaji kulipia. Mwaka 2010 timu ya Adrian Owen iliwafuatilia watu 11,430 kwa wiki sita: wakawa hodari kwenye michezo waliyoicheza, ila kwenye majaribio mengine hakukuwa na faida ya maana. Januari 2016, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliifanya kampuni moja ya michezo ya ubongo ikubali kulipa dola milioni 2 kwa matangazo ya kupotosha. Huyu wangu ni mwingine, lakini wimbo ni uleule.

Ukikutana na muuzaji kama huyu, mwambie akupe jaribio lilelile mwanzo na mwisho: kasi ileile, tarakimu zisizo na mpangilio. Au mwombe mtu wako akusomee tarakimu, moja kwa sekunde, uzirudishe. Dada yangu alinisomea juzi, nikafika saba. Na kama usahaulifu unakutisha kweli, nenda kwa daktari, na jiulize unalala saa ngapi. Kukosa usingizi kunaidhoofisha sana kumbukumbu hii.

Nilipodai pesa yangu, alinitumia alama zangu mwenyewe, nne na 12, kama ushahidi kwamba bidhaa inafanya kazi. Kisha akaendelea kukata kila mwezi hadi nilipoifunga kadi benki. Kwa hiyo uliyelipa, usifute programu tu, pitia makato yako leo.

Picha zangu zote mbili ninazo. Aliyefanya jaribio la mwisho akaletewa pia 1945 1969 2000, naomba aseme hapa chini.