TAHADHARI: Injini "ya Japani" niliyoonyeshwa siyo niliyoletewa

Wakuu, salaam.

Nilishaamua kunyamaza, maana kupigwa ni jambo moja na kujitangaza kuwa umepigwa ni jingine. Lakini Jumapili jirani yangu alinionyesha kwenye simu injini ya Mark II anayotaka kuinunua. Niliitazama ile video sekunde tatu tu nikaijua: ukuta wa bluu, chupa ya petroli imening'inizwa kwa kamba, kontroli boksi (ile kompyuta ya injini) imezungushiwa utepe mweusi. Ndiyo video iliyonitoa mimi pesa. Yaani injini niliyoilipia mwezi wa tatu bado inauzwa.

Gari langu nami ni Toyota Mark II, bodi ya GX100 ya 1997, lenye injini ya 1G-FE ile ya zamani, silinda sita za mstari, cc 1,988. Injini yake niliiua mwenyewe, nisimsingizie mtu. Natoka Morogoro, nimeshapita Mdaula, mpira wa rejeta ukapasuka na mimi nimenogewa na stori za abiria wangu. Kuja kutazama geji ya joto, mshale umeshalala juu. Badala ya kusimama nikasema nijikaze nifike Chalinze. Sikufika. Ikanoki.

Fundi wangu, ambaye tuko naye tangu 2018, akanipa njia mbili: ovaholi au injini nyingine ya mtumba. Ukipiga hesabu ya pistoni ringi, beringi, gasketi, kupeleka hedi kunyooshwa kwenye mashine na krenki kuchongwa, halafu uombe Mungu hizo spea ziwe za kweli, unakaribia bei ya injini kamili. Nikachagua injini. Najua kuna watakaouliza kwa nini sikuweka 1JZ, injini kubwa zaidi ya Toyota. Niliitamani, nisiwadanganye. Cc 2,491, na JZX100, Mark II inayokuja nayo, ni bodi ileile. Ila ukiweka 1JZ hununui injini peke yake: unanunua na gia boksi yake, wayaringi yake, kontroli boksi yake, halafu kila asubuhi unanunua petroli yake. Mimi mshahara wangu ni wa 1G.

Jaribio la kwanza la kunipiga lilishindikana, na nalisema kwa sababu wengi watanasa hapo. Muuzaji mmoja alinipa bei nzuri ya 1G-FE, nikamuuliza kama ni ya GX100, akanijibu "1G ni 1G tu, bosi." Siyo kweli. Kuanzia 1998 Toyota waliibadili 1G-FE ikawa na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka), ile inayoitwa Beams, kutoka nguvu za farasi 140 hadi 160. Jina ni lilelile, lakini wayaringi na kontroli boksi ni vingine kabisa. Tena ile ya zamani mkanda wa taimingi ukikatika injini inazima tu, unafunga mkanda mpya unaondoka. Beams mkanda ukikatika vali zinapinda. Aliyeniokoa ni fundi umeme wa pale gereji. Alinichukua pembeni akaniambia ukiileta hiyo hapa bila kontroli boksi yake na waya zake zote, utanilipa mimi zaidi ya ulivyomlipa muuzaji. Nikaiacha.

Sasa huyu wa pili, mwenye video. Jina lake na la duka silitaji, shauri liko polisi. Tangazo lilisema kontena limeshushwa wiki hii kutoka Japani, injini haijawahi kutembea Tanzania, bei milioni moja na laki nne, wakati wenzake walikuwa wanataka laki tatu au nne zaidi. Nikaenda na fundi wangu. Injini tuliikuta chini juu ya tairi, imeshafungwa betri, safi kama sahani. Wakaiwasha. Iliitika mara moja, ikatulia, haikutoa moshi wala kelele. Baada ya nusu dakika wakazima wakasema haina maji, isichemke. Ni kweli haikuwa na rejeta. Ila hapo ndipo walipo wajanja, kwa sababu nusu dakika haikuonyeshi kitu. Gasketi ya hedi iliyokufa haijisemi mpaka injini ipate joto, na ringi zilizochoka zinafichwa na oili nzito. Halafu, na hili nimelikumbuka baadaye sana, niliposhika bloki nilikuta ina uvuguvugu. Walikuwa wameshaiwasha kabla hatujafika. Mtu anayekuuzia injini nzima anakuachia uiwashe ikiwa baridi.

Nikalipa. Laki tano kwa simu kama kishika uchumba, iliyobaki taslimu palepale. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la muuzaji, nikauliza, nikaambiwa ni shemeji yake, laini yake imefika kikomo cha siku. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, muuzaji akaniambia nikitaka risiti bei inapanda kwa sababu ya kodi. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikaona nimeokoa. Nikapewa karatasi ya mkono: "injini 1, waranti wiki 2."

Kisha kikaja kile kipengele ambacho ndicho nimeandika haya yote kwa ajili yake. Nikataka kuipakia kwenye kirikuu niondoke nayo. Wakasema hapana bosi, tuiache tuimwage oili, tuioshe, jioni tunakuletea gereji kwa gharama zetu. Ukarimu! Fundi wangu akadakia, akasema ndivyo wanavyofanya, twende tukaandae sehemu. Tukaondoka. Injini ililetwa saa mbili usiku, umeme umekatika, tukaipokea kwa tochi za simu. Ilikuwa 1G-FE yenye distributa, yaani ile ya zamani kama tuliyoonyeshwa, ina rangi ileile ya fedha, safi vilevile. Namba yake sikuwa nimeiandika kule dukani, kwa hiyo hata ningetaka kulinganisha ningelinganisha na nini?

Ikafungwa siku tatu. Siku ya kwanza barabarani nilifurahi. Siku ya nne asubuhi, moshi wa bluu uani mpaka mama watoto akatoka kuuliza nachoma nini. Siku ya tisa nikafungua kifuniko cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Nikaipeleka gereji nyingine, siyo kwa fundi wangu, na sijui ni malaika gani alinielekeza hivyo. Wakapima kompresheni: silinda nne zikasoma kati ya psi 150 na 165, ya tano 95, ya sita 80. Kwa kawaida ukikuta silinda zinapishana zaidi ya asilimia 10 au 15 hivi, injini hiyo ina ugonjwa. Hii ilishakuwa maiti iliyovishwa suti.

Mzee wa gereji ile hakuhangaika hata kuifungua. Alitoa mpira wa maji wa juu, akaingiza kidole, akanionyesha tope la kutu. "Hii imekunywa maji ya kisima," akasema. "Ya Japani utakutana na kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, hata kama imekauka utaona rangi yake, na ndani chuma kiko safi." Akanionyesha klipu za mipira: zile za bisibisi za dukani kwetu, siyo za springi zinazokuja na Toyota. Akanionyesha silikoni nyekundu imetokeza pembeni ya sampu. Akanionyesha boliti za hedi, pembe zimeshaliwa na spana. Kila kitu kilikuwa wazi mchana kweupe. Mimi nilikuwa natazama rangi. Mwisho akapangusa pale kwenye bloki panapogongwa namba. Pamesuguliwa kwa graina, halafu zikagongwa namba nyingine kwa mkono, saba imelala, mbili imepanda juu ya mwenzake.

Hapo nikakaa chini. Injini mbovu ni hasara ya pesa, lakini namba iliyochezewa ni kesi. Kadi ya gari ina namba ya injini, na ukibadili injini unatakiwa gari likakaguliwe na trafiki kisha ukarekebishe taarifa TRA. Wengi hatuendi, tunaendesha hivyohivyo hadi siku ya kuuza gari au siku ya ajali, bima wanapofungua kadi na boneti kwa pamoja. Sasa hebu nijione napeleka kwa askari mkaguzi injini yenye namba iliyogongwa kwa nyundo, mkononi nina karatasi ya daftari isiyo na jina kamili la muuzaji. Nani ataamini kwamba siyo mimi niliyegonga?

Muuzaji nilipompigia alikuwa mpole. Akamtuma fundi wake, akaja na tochi yake, akazunguka gari mara mbili akasema "mmeichemsha." Nikamuuliza kuhusu namba, akasema hayo yeye hayajui. Kesho yake muuzaji akaniambia wiki mbili zinahesabiwa tangu siku ya malipo, na kuileta, kuifunga na kubishana vyote vilikuwa vimekula siku, waranti imeisha jana. Baada ya hapo simu yangu haiingii kwake.

Na fundi wangu? Kijana mmoja wa palepale dukani, ambaye nadhani hakuwa amegawiwa, alinipigia mwenyewe kwa namba ngeni akaniambia "mzee, fundi wako kachukua laki mbili." Cha juu tunakijua wote, fundi akikupeleka dukani huwa anaachiwa chochote, na sina kinyongo na hilo. Elfu ishirini, thelathini, ni nauli. Lakini laki mbili kwenye injini ya milioni moja na laki nne siyo nauli, hiyo ni bei ya kufumba macho. Ndiyo maana alidakia pale tuliposema tuondoke nayo. Miaka yote hiyo, kala kwangu Idi, mtoto wake wa pili mke wangu ndiye aliyempeleka kliniki. Nilipomuuliza hakukataa. Alisema hakujua wataleta mbovu kiasi kile. Maneno "kiasi kile" ndiyo yananisumbua mpaka leo.

Kwa hiyo ukienda kununua injini, nenda na fundi, ila asiwe anayekufungia. Mlipe mtu mwingine elfu hamsini akukagulie, asijue unanunua kwa nani mpaka mmefika. Piga picha namba ya injini kabla hujatoa hata shilingi, na ibebe injini muda uleule, hata kama inavuja oili na itachafua gari la watu. Usafi wao utausafisha mwenyewe. Maduka mazuri yapo, Ilala na Gerezani kuna watu wanauza injini miaka na miaka, wanakuandikia namba ya injini kwenye risiti bila kuombwa, na wanakupa waranti inayoanza siku injini inapowaka ndani ya gari lako. Injini yangu ya sasa nimeitoa kwa mtu wa namna hiyo. Ilipitia Sharjah, kule Emirati, na aliniambia wazi kuwa imepitia Sharjah, hakunipamba na Japani. Ilinigharimu laki nne zaidi ya ile ya kwanza, na nina risiti ya EFD. Kwenye ukaguzi kitu cha kwanza walichoniomba ni hiyo risiti.

Polisi nimefungua jalada, na namba ya simu iliyopokea zile laki tano nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Nimeambiwa pia naweza kwenda Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuuziwa bidhaa tofauti na niliyoonyeshwa. Nitakwenda wiki ijayo nikiomba ruhusa kazini. Pesa yenyewe siitegemei sana. Ile injini ya namba za nyundo iko gereji, polisi wamesema isiguswe.

Jana usiku niliingia tena kwenye ile video. Chini yake kuna mtu ameandika yuko Dodoma, anauliza bei, na kama wanaweza kumtumia kwa basi. Wakamjibu wanatuma mikoa yote, aje pembeni waongee. Nilimwandikia, ujumbe wangu ukafutwa kabla ya dakika kumi na mimi nikafungiwa. Kama ni wewe na unasoma hapa: ukuta wa bluu, chupa ya petroli kwenye kamba, utepe mweusi kwenye kontroli boksi. Mwambie akupigie simu ya video sasa hivi, asogeze kamera kwenye bloki, akusomee namba.