3018 yenye GRBL kwa karakana za mninga Tabora: kusimama inajua, kurudi palepale ni kazi ya fundi

Kwa karakana ndogo ya Tabora inayochonga vibao vya majina na maua ya milango kwenye mninga, mashine ya 3018 (mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, eneo la kazi milimita 300 kwa 180) inatosha. Kinachoamua kama ubao utapona ni hiki: programu ikisimama katikati, biti (kisu kinachozunguka na kukata) inarudi palepale?

Kwenye kusimamisha, bodi ya GRBL 1.1 (GRBL ni programu iliyo ndani ya bodi inayoendesha mota) inastahili sifa. Alama ya ! inapunguza mwendo hadi mashine inatulia bila kupoteza hatua, ~ inaiendeleza. Ctrl-X (kuanzisha bodi upya) ni jambo jingine kabisa. Ukiibonyeza mashine ikiwa inatembea, mota zinakatwa ghafla, bodi inaingia kwenye alamu na vipimo haviaminiki tena.

Ila ! haizimi spindeli (mota inayozungusha biti). Biti inabaki ikizunguka mahali pamoja, inasugua badala ya kukata, na mninga unaungua: doa jeusi ambalo msasa hauliondoi kirahisi. Kama unajua utahitaji kusimama, andika ndani ya programu: G0 Z15 (pandisha biti; Z ni mhimili wa juu na chini), kisha M5 (zima spindeli), kisha M0 (simama usubiri). Baada ya M0 weka M3 (washa spindeli) na S (kasi yake) ileile, halafu G4 P3, ili spindeli ipate sekunde 3 za kuchanganya kasi kabla ya kushuka. Usitegemee kubadilisha biti hapo, maana wakati wa kusubiri GRBL haikuruhusu kusogeza mhimili wala kupima Z upya. Kila biti iwe na faili yake.

Angalia pia $1, mpangilio wa GRBL wa muda wa kuachia mota. Inakuja ikiwa 25, yaani mota zinaachiwa milisekunde 25 baada ya kusimama, na zikishika tena zinaweza kuruka kidogo. Weka $1=255.

Umeme ukikatika ndipo udhaifu wake unapoonekana. G54 (sifuri ya kazi uliyoweka) inabaki kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika: 3018 ya kawaida haina swichi za mwisho wa mhimili, kwa hiyo ikiwashwa inahesabu pale iliposimama kuwa ndiyo sifuri ya mashine. G54 ya zamani sasa inaelekeza mahali pasipo pake. Dawa ni kutoboa tundu la milimita 3.175 kwenye ubao wa chini, pale X0 Y0 (sifuri ya kazi kwa kando na kwa mbele), kabla ya kazi kuanza. Umeme ukirudi, pandisha Z, shusha shina la biti la kipimo hicho hadi liingie bila kulazimisha, andika G10 L20 P1 X0 Y0 (yaani hapa ndipo sifuri ya G54), kisha pima Z upya kwa biti ya kazi.

Usianzie mstari wa mwisho uliotumwa. Bodi inapanga miendo 15 hivi mbele ya biti, na mistari mingine inasubiri nyuma yake, kwa hiyo rudi mistari 30. Juu yake ongeza G21 G90 G17 G54 (milimita, vipimo kutoka sifuri, bapa la X na Y, sifuri ya kazi), M3 na S, kupanda Z, kwenda X na Y za mwanzo, kisha G1 (mwendo wa kukata) yenye F (kasi ya mwendo). Mstari wenye X na Y tupu haujui kasi wala aina ya mwendo.

Ukinunua, chagua yenye swichi za mwisho: $H (amri ya kutafuta swichi hizo) inaleta sifuri ya mashine yenyewe, na G54 inakuwa ya kweli tena.