TAHADHARI: Wakala wa "kazi za mgahawa Dubai" yupo hapahapa Mwanza, msimpe hela

Naandika nina hasira na aibu, wa kunicheka acheke. Leo ni huyu mtu.

Alikuja kwenye meza yangu ya chakula Mwaloni, soko la samaki, kula ugali na sato. Siku tatu alikula, akalipa, akasifia mchuzi, basi. Ya nne ndipo akasema, "Dada, mkono huu unaozea hapa. Dubai wapishi kama wewe wanagombaniwa." Jumapili akaja nyumbani Igoma, kofia mkononi, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu." Mama akasema huyu kalelewa. Mtu wa hivyo ungemshtukiaje?

Siku ya hela nakumbuka kila kitu. Chumba kimoja ghorofani Kirumba, feni inakwaruza, ukutani picha ya Burj Khalifa. Akapiga simu ya video, akatokea jamaa kavaa aproni nyeupe, nyuma yake masufuria yanafuka: "Karibu mpishi wetu, tunakusubiri." Jiko lile sikuja kuliona mpaka narudi. Nikatoa 2,400,000 ya "nafasi", hela ya kikoba na yangu mwenyewe. Nilihesabu mara mbili. Noti zilinuka dagaa, akazinusa akacheka, "Hii ndiyo hela ya jasho." Risiti akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Na mimi nikamshukuru! Nilimshukuru, jamani.

Kule Dubai hakuna cha upishi, ni sinki. Saa 14 kwa siku nasugua masufuria, usiku wanawake tisa chumba kimoja, pasipoti kaichukua meneja eti isipotee. Mshahara wa kwanza wote ukaenda kwenye "deni la tiketi". Nilipolalamika ndipo naambiwa viza yangu ni ya matembezi, siku 60, nikienda kushtaki mkosaji ni mimi. Na ni kweli, viza ile hairuhusu kazi. Watanzania wenzangu ndio walionichangia nauli ya kurudi. Vidole mpaka leo vina mabaka ya ile dawa ya kutolea mafuta.

Nilipompigia huyo wakala akanijibu, "Dada we mvivu, wenzako wanavumilia." Mvivu! Mimi ninayeamka saa tisa usiku kuwahi samaki! Huyu afungwe Butimba, aoshe masufuria ya wafungwa bila glavu, na suti zake zipigwe mnada Makoroboi.

Haya, nilichopaswa kukiona. Mkataba alinipa uwanja wa ndege, Kiarabu na Kiingereza, "saini hapa dada, watu wanapanda." Viza sikuisoma. Kwa sheria ya kule gharama za kuajiri ni za mwajiri, na pasipoti haruhusiwi kukushikia, kwa hiyo hiyo hela ya "nafasi" ilikuwa ya nini? Na wakala wa ajira lazima awe na kibali cha serikali. Ulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kabla ya kutoa hata mia. Mimi niliuliza baada.

Namba kabadilisha, Kirumba kahama. Nasikia sasa yuko Nyegezi karibu na stendi, anawadaka wanaoshuka kutoka Geita na Sengerema. Dada wa Sengerema uliyeniandikia jana kwamba umeshatoa laki nane: iliyobaki usipeleke. Njoo Mwaloni, nipo palepale, sasa kwenye meza ya kukodi. Twende polisi wawili.