Toy Story 3: usiwaachie watoto peke yao hii

Watu wengi wakisikia katuni wanawawashia watoto tv halafu wao wanaondoka zao. Kwa Toy Story 3 ukifanya hivyo umejinyima, maana mi naona studio ya Pixar hii ya 2010 waliwatengenezea zaidi wale walioangalia ya kwanza ya 1995 wakiwa wadogo, wakakua. Andy, yule mtoto mwenye midoli, naye kakua, ana miaka 17, anaenda chuo, midoli yake (ambayo ikiwa peke yake inatembea na kuongea kama watu) ipo kwenye sanduku haguswi mtu. Na sauti ya Andy ni ya John Morris yule yule tangu ya kwanza, kwa hiyo aliyekua pale ni mtoto uleule kweli na unalisikia hilo.

Basi Andy anaamua kwenda na Woody tu, yule mdoli wa kauboi, wengine anawatia kwenye mfuko wa taka awapandishe darini, mama yake anaukuta njiani anadhani ni taka anautoa nje. Wanapona kwa shida ila tayari moyoni wanajua wametupwa, Woody anawaelewesha weee hakuna anayemsikiliza, mwisho wanajikuta Sunnyside, kituo cha kulelea watoto.

Hapo ndo anaingia Lotso. Jamani huyu dubu! Wa pinki, ananukia stroberi, anatembelea fimbo, anaongea taratibu kama babu mwenye busara zake, kumbe ndo mnyapara wa pale na usiku anawafungia wenzake. Nilichokipenda ni kwamba adui wamempa sababu. Alikuwa na mtoto wake anaitwa Daisy, akasahaulika huko walikoenda kutembea, akarudi kwa miguu mpaka nyumbani, anachungulia dirishani anakuta kanunuliwa Lotso mwingine. Halafu akamdanganya Big Baby, mdoli mwingine wa Daisy, kwamba na wewe umeshapata wa kuziba nafasi yako, wakati aliyenunuliwa mwingine ni yeye tu. Yaani hakutaka kuumia peke yake. Stelingi wetu Woody na Lotso wanaumwa kidonda kimoja, kuachwa na mtoto unayempenda, ila mmoja anakubali mtoto akue na mwenzake anaona bora kusiwe na mapenzi kabisa kwa yeyote. Kwangu hii ndo muvi yenyewe, mengine yote yanazunguka hapo.

Kule kwenye tanuri la taka wanakokaribia kuungua sitasema mengi, ila angalia Jessie, mdoli wa kauboi wa kike, anavyomuuliza Buzz, mdoli wa mwanaanga, tufanyeje, na Buzz hana jibu, anampa mkono tu, halafu wanashikana mmoja mmoja. Hamna maneno. Mkurugenzi Lee Unkrich pale kawaacha watu wazima wanalia na tanuri lenyewe la kuchora kwa kompyuta.

Ninalolilalamikia ni Bo Peep, yule mdoli wa mchungaji wa kike, tangu ya kwanza tuko naye, hapa anatajwa juu juu tu kwamba hayupo na stori inaendelea, mi iliniuma kwa kweli. Buzz akianza kuongea Kispaniola anachekesha sana lakini.

Mwisho Andy anampelekea mtoto mdogo wa kike anaitwa Bonnie boksi la midoli, anamtambulisha kila mdoli kwa jina na sifa zake, Bonnie anachungulia ndani anamuona Woody yuko chini kabisa, Andy hakujua kama yumo. Bonnie anataka kumchukua, Andy anamvuta kwake haraka bila hata kufikiria. Kile kitendo kidogo tu kinakwambia yote aliyoshindwa kuyasema muvi nzima.

Ilipata Oscar ya katuni bora, ikaingia mpaka kugombea ya filamu bora ya mwaka pamoja na muvi za watu wakubwa, na ndo katuni ya kwanza kuingiza zaidi ya dola bilioni 1. Mi naipa 9 kwa 10, moja ni ya Bo Peep. Anza na ya kwanza na ya pili ndo uje huku, na kama una wadogo wa miaka mitatu minne kaa nao kwenye tanuri na yule nyani wa kamera za ulinzi, anatisha sana yule.