Chanjo ya nyongeza ya Korona kwa mwenye baridi yabisi: duka la dawa la Melton Road, Leicester

Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya simu yao, nitaeleza mbele. Naandika kirefu kwa sababu wako Waswahili wenzangu wengi, hapa Leicester na Birmingham na kwingineko, wenye magonjwa haya ambayo kinga ya mwili inageuka kuushambulia mwili wenyewe: baridi yabisi, lupasi na mengineyo. Kila msimu wa chanjo ukifika tunapigiana simu na swali ni lile lile. Nichanje au nisichanje?

Mimi nina baridi yabisi tangu 2016. Kila Jumatano nameza methotreksati miligramu 15, siku nyingine nameza asidi ya foliki, na kila baada ya wiki mbili najidunga adalimumabu, ile sindano ya kalamu inayokaa kwenye friji. Dawa zote mbili kazi yake ni kuituliza kinga iache kula viungo. Bila hizo siwezi kukamata mwiko, na kazi yangu ni ya mwiko: napika kwenye jiko la shule ya msingi. Watoto wakianza mafua Septemba hawamalizi mpaka Machi, na wote wanapita dirishani kwangu na sahani zao.

Hofu yangu haikuwa ya sindano. Niliogopa viungo kuwaka. Mama mdogo wangu aliyeko Tanga aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, kinga yako tayari imepotoka, sasa unaiamshia nini tena? Jifukize nyungu, ulale." Nampenda mama mdogo, na swali lake ni la maana kabisa. Chanjo inaamsha kinga, na ugonjwa wetu ni wa kinga iliyoamka kupita kiasi. Mtu yeyote mwenye akili lazima aulize hivyo, na nimechoka na watoa huduma wanaotabasamu na kusema "ni salama" halafu wanaita mtu anayefuata.

Jibu nililopewa na muuguzi wa kliniki yangu ya viungo ni la hesabu, nami napenda hesabu. Iliwahi kutengenezwa orodha ya wagonjwa waliochanjwa, iliyokusanywa na madaktari wa viungo wa Ulaya kutoka nchi 30, watu 5,121, wengi wao wenye magonjwa kama yetu. Waliopata mlipuko wa ugonjwa, yaani ugonjwa wao wa zamani kuwaka upya, baada ya chanjo walikuwa asilimia 4.4, na waliopata mlipuko mkali walikuwa asilimia 0.6. Kwa hiyo jambo lenyewe lipo, si uzushi, lakini ni la wachache, na kwa wengi wa hao wachache ni la kupita.

Akaniuliza na yeye swali: "Ulipougua Korona, viungo vyako vilikuwaje?"

Hapo ndipo nilipotulia. Niliugua mwaka 2022. Homa ilikuwa homa, ikapita, lakini kliniki iliniambia nisimamishe adalimumabu mpaka nipone kabisa, kwa sababu huwezi kuituliza kinga wakati unapigana na virusi. Sindano ikasimama, na viungo vikapata nafasi. Vidole vilivimba hadi pete ya ndoa ikakatwa kwa koleo, na mume wangu ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya gauni. Miezi ilipita kabla sijarudi kufungua makopo ya nyanya kazini. Watu wakiniuliza kama chanjo itawasha viungo, siku hizi nawauliza kama wamepiga hesabu ya ugonjwa wenyewe, ambao unawasha viungo na papo hapo unakunyang'anya dawa.

Lingine alilonieleza muuguzi ni hili, na wengi hawaambiwi. Methotreksati inapunguza nguvu ya chanjo. Mwili unatengeneza kingamwili, zile protini za kukamata kirusi, chache kuliko inavyotakiwa. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Nottingham kiliongoza utafiti uliotolewa mwaka 2022, watu 254 wanaotumia methotreksati: nusu waliendelea na dawa kama kawaida baada ya chanjo ya nyongeza, nusu waliisimamisha wiki mbili. Waliosimamisha walipata kingamwili takriban mara mbili ya wenzao. Bei yake ni kwamba viungo viliwasumbua zaidi kwa muda, wengi wakajimudu nyumbani. Muuguzi hakunificha kwamba wale walikuwa hawatumii sindano kama yangu, kwa hiyo mimi si wao hasa. Akaangalia vipimo vyangu vya damu, akaniuliza asubuhi naamka na ugumu wa muda gani, mara ya mwisho kuvimba ilikuwa lini. Alipoona nimetulia, tukakubaliana: adalimumabu iendelee kwa tarehe zake, methotreksati niruke Jumatano mbili baada ya chanjo, nikizidiwa nipige simu. Naomba mtu asiichukue ratiba yangu na kuivaa. Mwenye lupasi inayogusa figo, au anayepewa rituksimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, hospitalini, mipango yake ni mingine kabisa.

Haya, sasa duka.

Kwanza nilikwenda kwingine, sitapataja, karibu na ninapofanya kazi. Kijana wa kaunta alinitazama usoni akasema chanjo ya msimu huu ni ya wenye miaka 75 na kuendelea. Nikamwambia na wenye kinga dhaifu pia. Akasema mfumo hauonyeshi. Barua ya kliniki ilikuwa mkononi mwangu na hakunyoosha mkono kuipokea. Nilitoka pale nimeumia, maana mtu umehangaika na uamuzi mzima, umeshasema ndiyo, halafu mlango unafungwa na mtu asiyejua kanuni za kazi yake. Mjue haki yenu: msimu ule wa Uingereza, wa tarehe 1 Oktoba 2025 hadi 31 Januari 2026, uliwahusu wenye miaka 75 na zaidi, wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na yeyote kuanzia miezi sita mwenye kinga iliyodhoofishwa na ugonjwa au dawa. Umri wa uso wako hauhusiki. Ila si kila mwenye baridi yabisi anaingia. Anayemeza hidroksiklorokwini, dawa nyingine ya viungo, peke yake, kwa mfano, hahesabiwi kuwa na kinga iliyodhoofishwa, lakini sindano kama yangu inakuingiza moja kwa moja.

Hapa Melton Road mambo yalikuwa mengine tangu mlangoni. Duka ni la familia, dogo, limebanwa kati ya duka la sari na la vitamutamu, na nyuma ya kaunta huwa ameketi mama yake mfamasia. Wanaoishi Leicester wanajua kwamba Wahindi wengi wa mji huu walitoka Uganda mwaka 1972 walipofukuzwa na Idi Amin, na wengine Kenya na Tanganyika. Huyu mama ni mzaliwa wa Kisumu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita, akanisogezea kiti, "Keti dada, kijana anakuja sasa hivi." Baridi ya Oktoba, magoti yangu, na mtu ananipa kiti kabla sijaomba. Nyota moja ni ya kiti hicho.

Mfamasia mwenyewe aliniingiza chumba cha nyuma akafunga mlango. Kabla ya kugusa pamba aliniuliza nimekuja na dawa zangu au orodha yake. Nilikuwa na boksi la adalimumabu lililokwisha na barua ya kliniki. Barua aliisoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, kidole kikifuata mstari. Boksi aliligeuza akatafuta kipimo. Akaniuliza nimejidunga lini mara ya mwisho, na nina homa au kidonda chochote leo. Akaniuliza kama chanjo za nyuma ziliwahi kunivimbisha uso au kunibana kifua. Halafu ndipo akasema, "Chanjo hii haina kirusi hai ndani yake, kwa hiyo haiwezi kukupa Korona, hata dawa zako zikiwa kali kiasi gani. Ila uliambiwa nini kuhusu methotreksati?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu wa chanjo. Nilipomweleza mpango wa muuguzi, alichukua kikaratasi cha miadi akaandika tarehe za Jumatano tatu. Mbili akazipiga msalaba, ya tatu akaizungushia duara na kuandika pembeni "anza tena". Kikaratasi hicho kilikaa kwenye mlango wa friji yangu muda wote, na kilinisaidia kuliko maelezo yote ya mdomo, kwa sababu dawa ya mara moja kwa wiki ni rahisi sana kuchanganya siku, na methotreksati ukiimeza kila siku kwa kusahau inaweza kukuua. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kwenye familia zetu mtu mzima mara nyingi anapangiwa dawa na watoto.

Jambo jingine aliloligusa bila kuulizwa: nilimwambia Desemba nataka kwenda Tanga kupitia Nairobi. Akasimama. Akasema chanjo ya homa ya manjano ni kinyume na hii, ile ina kirusi hai kilichopunguzwa makali, na kwa dawa zangu siruhusiwi. Tanzania hudai cheti kwa anayetoka nchi yenye homa hiyo, au aliyesubiri ndege huko saa 12 au zaidi, na Kenya imo, kwa hiyo nizungumze mapema na kliniki ya wasafiri kuhusu barua ya msamaha au nitafute ndege isiyopitia huko. Nina hakika asingeniambia yeye, ningelijua uwanjani.

Sindano yenyewe haina la kusimulia. Ilikuwa ya Pfizer, mkono wa kushoto nilioomba mwenyewe kwa sababu wa kulia ndio wa kazi, na ya mafua akanichoma siku hiyo hiyo mkono wa pili, nikaridhia. Hakuna malipo, zote mbili ni za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Akaniambia niketi kidogo kule mbele kabla ya kuondoka, na mama akaniletea chai ya tangawizi kwenye kikombe cha karatasi.

Baada ya hapo: usiku ule mkono uliuma na mwili ulichoka, kesho yake nilikuwa na joto kidogo, nikameza parasetamoli, Jumatatu nikaenda kazini. Viungo vilitulia wiki ya kwanza. Wiki ya pili, dawa ikiwa imesimama, asubuhi nilianza kuamka na vidole vigumu, vile viwili vya kulia vinavyonisumbua siku zote, na nilihitaji maji ya moto kabla ya kushika kisu. Sikupiga simu kliniki kwa sababu ulikuwa ugumu bila uvimbe. Jumatano ya duara nikameza methotreksati, na kufikia wiki iliyofuata nilikuwa kwenye hali yangu ya kawaida. Ukiniuliza kama usumbufu ule ulistahili, nakujibu ndiyo, mara mia, nikikumbuka ile pete.

Sasa nyota niliyoizuia. Simu yao haipokelewi. Nilipiga asubuhi, nikapiga mchana, ikaita tu mpaka ikakata. Kwenye programu ya NHS nafasi za duka hili zilionekana zimejaa, kumbe Jumamosi wanapokea watu bila miadi, jambo ambalo nililijua kwa kupita tu na kuona karatasi mlangoni. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, safari ya basi ya kwenda kuuliza ni gharama. Waiweke taarifa hiyo kwenye mashine ya simu, hata kwa sauti iliyorekodiwa. Pia chumba cha nyuma kina kizingiti kirefu, anayetumia kigari hapiti bila kusaidiwa. Mfamasia alikubali nilipomwambia, akasema jengo ni la kupanga lakini atatafuta ubao wa kuwekea pale.

Ukienda, beba barua ya kliniki inayotaja dawa kwa majina na vipimo, maana daktari wako wa mtaa huenda hajaandika sindano za hospitali kwenye rekodi zake, na ndiyo sababu mfumo "hauonyeshi". Mimi sindano yangu inaletwa nyumbani na kampuni ya usafirishaji, daktari wa mtaa haiandiki yeye, na kumbe hata kwenye rekodi yangu haikuwamo. Nimeshaomba iingizwe. Zungumza na muuguzi wa kliniki kabla, si baada. Na nenda Jumamosi kabla ya saa tano asubuhi, foleni ikiwa bado fupi na kile kiti kikiwa hakina mtu.